Kupima Nyumba Yenye Watu

Manundu, Korogwe
Alasiri

Mwanangu Zaina,

Watu wakianza barua huulizana hali. Yako naijua, maana asubuhi nimekuona ukinywa chai umesimama, na yangu unaijua kuliko ninavyoijua mwenyewe, kwa hiyo hilo tuliruke. Umeenda Mkata kumuaga shangazi yako Mwajuma, na umesema utarudi na gari la jioni. Muda wangu ni huo. Nimekaa mezani, nimeinuka, nimefunga dirisha la upande wa barabara kwa sababu kila gari likipunguza mwendo nadhani ni wewe, kisha joto limenishinda nimelifungua tena. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, sababu ni hiyo.

Jana baada ya chakula uliniuliza, "Baba, unataka niende au hutaki?" Nikakujibu, "Nenda kwa amani, mwanangu, Mungu akutangulie." Ukaweka kikombe chini. Ukasema, "Hilo ni jibu unalompa mgeni, baba. Mwaka jana nilikuuliza hivihivi ukaniambia nifanye ninavyoona, nikaona hutaki, nikabaki. Mwaka huu sibahatishi. Usiponipa jibu la kweli, basi la keshokutwa litaondoka bila mimi." Wala hukupandisha sauti. Afadhali ungepandisha.

Kwa hiyo usisome hii ukitafuta mawaidha. Ni jibu, ila wewe unanijua, mimi sijibu kitu bila kwanza kukizunguka. Sitakuambia uvae sweta wala usile nini. Shangazi yako anakuambia hayo sasa hivi, na najua atakufungia unga wa makopa ya muhogo kwenye gazeti ukapike bada, ugali wetu wa muhogo, huko kwenye theluji, ingawa nimemwambia uwanja wa ndege watakuuliza ni unga gani huo. Mambo ya sweta tumwachie Mwajuma. Mimi nabaki na yale ambayo hakuna mwingine wa kukuambia, na baadhi yake sijawahi kumwambia mtu.

Nianzie Hale, kwa sababu kosa langu kubwa la kazi nililibeba kutoka huko. Nilipokuwa kijana idara yetu iliniweka Hale kwenye simu ya upepo. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa na kile kisanduku, kuita Tanga, kuita Handeni, kupokea, kujibu, na mlingoti ukisumbua kupanda juu kuutengeneza. Mawimbi ya simu ile yalikuwa marefu. Wimbi moja liliweza kuizidi nyumba hii kwa urefu, na wimbi la namna hiyo halina habari na mtu. Ungeweza kujaza watu chumbani mpaka mlango usifunguke, sauti ya Handeni ikapita katikati yao bila shida yoyote. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na nilikuwa hodari, mtu yeyote wa wakati ule atakuambia. Tulihangaikia milima, mvua ya radi na betri. Mtu hakuwemo kwenye hesabu.

Kisha ikaja ile ruksa ya biashara, na baada ya ruksa soko huria. Idara ikapunguza watu, na mimi nikapunguzwa. Simu ya upepo ikafunikwa turubai, mlingoti ukauzwa chuma chakavu, na mimi nikawa fundi wa redio za Dubai kwenye kibanda karibu na stendi. Wewe ulikuwa shule ya msingi. Mji ulijaa vitu ambavyo zamani tuliviona kwa wakubwa tu, kila mtu na redio yake, kila duka na muziki wake, na mimi nilirudi nyumbani jioni nimenuna. Nilikuwa na hasira miaka ile, Zaina, na sikujua nimkasirikie nani, kwa sababu walioondoa kazi yangu hawakai Korogwe. Ikabaki hasira ya ndani ya nyumba. Sikumpiga mtu, hilo unajua. Nilikaa tu kwenye kile kiti na redio yangu, na ninyi mkawa mnapita pembeni.

Naona nimeinuka tena. Gari limesimama pale kwa muuza mkaa, kumbe ni lori. Narudi.

Hospitali unaikumbuka, sina haja ya kuitaja. Kampuni moja ya Dar ilikuwa imepewa kazi ya kuweka simu zisizo na waya humo ndani, ili nesi wa wodi ya wazazi aweze kumwita daktari nyumbani kwake, ng'ambo ya uwanja, bila kutuma mtu. Wakatafuta fundi wa hukuhuku wa kupima kama mawimbi yanafika. Wakanipata mimi. Mama yako alikuwa ametutoka mwaka mmoja kabla, wewe ulikuwa umemaliza chuo na cheti chako cha uhandisi wa mawasiliano, umerudi kunipikia, na nikaona aibu kukuacha jikoni na elimu yote ile. Nikakuchukua. Kusema kweli nilitaka pia uone kwamba baba yako ni mtu.

Tulipofika wodini unakumbuka ilivyokuwa. Matroni alipiga makofi, akasema, "Jamani, mafundi wamefika, tuwapishe." Na watu wakatupisha. Kwetu fundi hupishwa, awe wa bati, awe wa dawa ya mchwa. Walitoka ndugu waliokaa chini kwenye mikeka, wakatoka wagonjwa wanaoweza kutembea, mabeseni yakatolewa, vyombo vya uji vikatolewa, mtu akapiga deki. Wakabaki kina mama wachache wasioweza kuinuka, nao wakajifunika shuka kwa heshima. Nilijisikia vizuri sana. Tangu Hale sijawahi kupishwa namna ile.

Wewe ulisimama mlangoni na kile kipokezi cha kupimia mawimbi mkononi. Ukasema, "Baba, tuwaombe warudi ndani. Tupime wakiwa humu."

Nikakuambia, "Watu wametuachia nafasi kwa adabu zao, wewe unataka kuwarudisha ndani kama mbuzi? Shika kazi."

"Lakini usiku watakuwa humu, baba. Na hii simu iko chini, mezani, watu watakaa katikati."

"Zaina. Nimesema shika kazi."

Matroni akacheka, akasema, "Mwache mzee, watoto wa chuo ndivyo walivyo." Ukasema, "Sawa, baba." Hiyo sawa ilinifurahisha kweli. Nikatembea na kipokezi kutoka kitanda hadi kitanda, namba nzuri kila mahali, nikaandika nzuri, nzuri, nzuri. Kisanduku cha simu kinachorusha mawimbi nikakiacha juu ya meza ya nesi, mahali ambapo kila mtu angekiona.

Masika ilipoanguka wodi ikajaa. Kina mama wawili kitanda kimoja, ndugu zao chini, nguo zimelowa, kuta zimelowa, watu wamezunguka meza ya nesi kwa sababu hapo ndipo penye taa. Mama mmoja alianza kutokwa damu. Nesi akabonyeza simu, akabonyeza tena, daktari hasikii kitu, amekaa kwake anakula. Nesi akavua viatu akakimbia kwenye matope. Mama yule alipona na mtoto wake alipona, na shukrani ni kwa miguu ya yule nesi, mimi sina changu hapo. Kampuni iliniita nikaone simu ina ugonjwa gani. Simu haikuwa na ugonjwa.

Ulikuja nami tena, na safari hii sikusema mtu atoke. Ulimwomba mama mmoja mwenye khanga mbichi kwa mvua asimame mbele ya meza. Namba zikaanguka. Akasogea, zikapanda. Ukamwomba arudi, zikaanguka. Nikasema kipokezi kibovu. Nikakipigapiga mgongoni. Ukaningoja nimalize kukipiga, ukanieleza pale pale, polepole, kwamba mawimbi ya simu hizi mpya ni mafupi, mengine hayazidi kiganja, na wimbi fupi likimkuta mtu halimruki, mwili wa mtu unalinywa kama ardhi inavyokunywa maji. Na kadiri masafa, yaani kasi ya kutikisika kwa wimbi, yanavyopanda ndivyo wimbi linavyozidi kufupika, mpaka mkono tu ukiupitisha mbele unalizima. Ukaniambia mawimbi humo chumbani hayaji kwa njia moja, mengine yanagonga bati na kurudi, mengine ukuta, mengine kitanda cha chuma, yanafika yamepishana kidogo, mara yanasaidiana mara yanauana, na mtu akifungua mlango kila kitu kinabadilika. Kisha ukasema neno ambalo halijaniacha. Ulisema, "Baba, hakuna chumba kilichotulia. Kinatulia sisi tukiingia."

Tulikipandisha kisanduku juu kwenye kenchi za paa, na mpaka leo simu inafanya kazi. Hukunikumbusha hata mara moja kwamba ulisema. Hilo lilinikera kuliko kama ungenikumbusha. Njia nzima ya kurudi nilikuwa natafuta la kukugombeza sikupata, nikagombana na kondakta.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na hapa nimesimama muda mrefu na kalamu mkononi.

Ulipotaka kutengeneza ile hesabu yako, kielelezo cha nyumba za huku, ulinieleza kwamba huwezi kupima kila nyumba duniani, unapima chache vizuri, kisha hesabu inakuambia habari za zile ambazo hujaingia. Ulisema hesabu zote zilizopo zimepimwa kwenye maofisi ya Ulaya, siku za mapumziko, viti vitupu. Ukaazima vifaa chuoni kwako, vile vya masafa ya juu kabisa, ukasema twende kwa shangazi Mkata, nyumba ya udongo na bati, watu wengi, mahindi ndani. Ukampigia simu kutoka kibanda cha stendi ukamwambia, "Shangazi, msijisumbue. Kaeni mnavyokaa."

Na tulikuta nini? Tulikuta nyumba nzima imevaa nguo za Idi. Magunia ya mahindi yametolewa nje yamefunikwa. Mwajuma amekaa kwenye kiti sebuleni mgongo umenyooka, watoto wamepangwa ukutani wamepakwa mafuta wanang'aa, na yule binamu yako mkorofi amefunga vifungo vyote vya shati mpaka shingoni. Hakuna aliyekohoa. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Ukasema, "Shangazi, mimi sikuja kupiga picha." Mwajuma akajibu bila kugeuza shingo, "Wewe pima tu, mwanangu, sisi tumekaa."

Ukapima, ukasema namba hizi siyo. Wakarudisha magunia, ukapima, ukasema bado. Walikaa, lakini walikaa kama wamealikwa. Ukazunguka, ukaniangalia, ukaangalia chini. Ukanifuata pale mlangoni ukaniambia kwa sauti ndogo, "Baba, naomba unisamehe. Naomba ukae nje kidogo."

Nilidhani unataka nikashike waya. Nikauliza, "Nje wapi?"

"Popote, baba. Ukiwepo wewe hawawezi kukaa."

Nikatoka. Nilikwenda nikakaa juu ya kinu nyuma ya nyumba, nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Nilijiambia huyu mtoto kanifukuza kwenye nyumba ya dada yangu. Nikainuka nikaenda mpaka barabarani, nikaangalia mabasi ya Handeni, nikanunua muhogo wa kuchoma nikashindwa kuula, nikarudi kwenye kinu. Kwa muda ndani kulikuwa kimya. Halafu nikasikia Mwajuma anauliza nani ameacha sufuria la maharage bila mfuniko, mtu akajibu siyo mimi, mwingine akasema ni yeye huyo muulize, na ghafla nyumba ikafunguka, Zaina. Sijui niseme vipi. Watoto wakaanza kukimbizana, mtu akaimba, Mwajuma akapiga kelele, binamu yako akasema kitu cha kijinga wote wakaangua kicheko. Ukuta ule ni udongo tu. Nilikuwa nyuma yake, sauti zote zinapita.

Kisha nikakusikia wewe. Uliniiga. Ulikuwa unasema, "Kipokezi kibovu hiki," kwa sauti yangu, na ninavyovuta pumzi kabla ya kusema, na ninavyopiga kitu mgongoni. Wakacheka mpaka wakalia. Na Mwajuma akasema, "Umemrithi mama yako, mama yako hasa, alikuwa akimuiga hivyohivyo. Mungu amrehemu, nilikuwa nikija Korogwe kwa ajili ya kusikia hilo tu."

Mimi sikujua. Nilikaa na mama yako miaka yote ile na sikujua kwamba anaweza kuiga mtu. Nilimjua mwanamke mpole, mwenye maneno machache, anayeweka chakula na kusema karibu. Kila nilipofika nyumbani nilikuta nyumba imefagiwa, watoto wanasoma, redio imewekwa mahali pangu, na nilijisifu kwa marafiki kwamba kwangu kuna utulivu. Nikadhani hiyo ndiyo nyumba yangu. Kumbe kila siku nilikuwa nikipishwa. Mlikuwa mkisikia kikohozi changu uani mkajipanga, kama Mwajuma na watoto wake ukutani, na mimi nikaingia nikaandika nzuri, nzuri, nzuri.

Pale kwenye kinu nililia. Mama yako alikuwa amekwisha kufa, nisingeweza kurudi kupima tena. Nilipoitwa ndani kula nilisema moshi umeniingia machoni, na mtu mmoja akasema pole, na wote mkanyamaza, mkanikaribisha kiti. Unakumbuka bada ile na mlenda? Sikuhisi ladha yake. Nilitaka kukuambia uniige tena, uniige mbele yangu. Nilisema chumvi imezidi.

Hapa nimevuka uani nikanawa uso. Jirani ameniuliza, "Mzee, mwanao anaondoka lini?" nikamwambia hilo ndilo swali. Kashangaa.

Hesabu uliyoitoa Mkata ndiyo iliyokupatia nafasi huko ng'ambo. Walikuandikia kwamba hawajaona vipimo vya namna hiyo, nyumba yenye watu ndani wanaoishi. Uliniletea ile karatasi mwaka jana nikiwa nasikiliza taarifa ya habari. Ulisoma, ukanitafsiria, ukaniuliza, "Baba, unaonaje?" Nikasema, "Fanya unavyoona." Na wewe ni mtoto wa hapahapa, unajua mzee wa kwetu akisema fanya unavyoona maana yake nini. Ukaikunja karatasi. Kesho yake ukaenda kuwaandikia kwamba huwezi, una dharura ya familia. Dharura nilikuwa mimi, nimekaa kwenye kiti.

Nilijua. Nataka ulijue hilo. Nilikuona unavyoikunja ile karatasi na nilijua umenisikia vibaya, au umenisikia vizuri, na ningeweza kusema neno, na nikaongeza sauti ya redio. Nikajiambia adabu ni hiyo, mzazi hamwambii mtoto moyo wake. Mwaka mzima umenipikia, umefundisha hesabu pale sekondari kwa mkataba, na jioni unakaa na makaratasi yako mpaka taa inakufa. Mwaka mzima nimekula chakula chako nikijua kwamba nimekuiba. Walipokuandikia tena mwaka huu nilishukuru Mungu, na dakika ileile nikatamani barua hiyo isingefika.

Uliwahi kuniambia kwamba huko wana chumba wamekizungushia sponji ukuta mzima, dari mpaka chini, wimbi likigonga halirudi, na mtu akiongea humo sauti yake inakufa mdomoni. Nikakuambia mbona chumba cha namna hiyo hata Manundu kitakuwepo, ukishaondoka. Nilidhani ni mzaha. Hukucheka, na mimi baadaye sikucheka.

Jua limeshuka mpaka kwenye paa la shule. Basi, jibu.

Uliniuliza nataka au sitaki. Sitaki. Mwaka jana sikutaka, na mwaka huu sitaki zaidi. Naogopa nyumba hii. Naogopa kuugua homa usiku nikaita jina lako kwa mazoea. Naogopa kwamba utarudi nimekwisha kuzikwa, na Mwajuma ndiye atakayekusimulia, na ataongeza chumvi. Naogopa utarudi mgeni, unanipa shikamoo yenye adabu tupu, unakaa ukutani. Na kuna wivu pia, ndiyo, wivu wa mzee wa simu ya upepo aliyeona mtoto wake anajua kitu ambacho yeye alikishika mkononi miaka yote asikielewe. Hayo yote ni ya kwangu. Lako hata moja halimo humo. Nimelichunguza moyoni mchana kutwa, nimeligeuza huku na huku, nikitafuta sababu moja ya wewe kubaki ambayo ni yako, na sijaipata.

Hukuliuliza, lakini kuna swali la pili, kwamba je, uende au usiende? Hilo nalijua kuliko ninavyojua jina langu. Uende. Ungekwenda mwaka jana. Kama kungekuwa na basi leo jioni ningekuambia usingoje la kesho.

Tafadhali usiyaunganishe haya mawili upate moja la katikati, lenye adabu, la kumridhisha baba. Yabaki mawili. Nimekaa na moja mdomoni na moja moyoni maisha yangu yote, kwa mama yako, kwa wewe, na najua lilipotufikisha. Ukienda, nenda ukijua kwamba kuna mtu hapa Korogwe ambaye hakutaka, kwa sababu hiyo ndiyo kweli ya nyumba unayotoka. Ukiniandikia kutoka huko, usiniandikie kwamba uko salama na unawasalimu wote. Niandikie umegombana na nani, nani amekuchekesha, siku gani ulitaka kurudi. Nikikujibu kwamba hapa ni wazima wote, nigombeze.

Nasikia gari limesimama. Safari hii ni la Mkata, namsikia utingo anapiga bati. Nimechungulia. Umeshuka, umebeba mfuko mkubwa kuliko ulioondoka nao, na unacheka na mtu aliyebaki dirishani. Sitakuachia barua hii mezani wala kuitia chini ya mlango. Nitakupa mkononi, na nitakaa kwenye kiti kinachokutazama mpaka uimalize, na sitawasha redio.

Sitaki uende, mwanangu. Panda basi.

Baba yako